Kinanda hamna? Anza na miguu yao (kwa mwalimu aliyepewa muziki chekechea)

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwamba umekabidhiwa chekechea, watoto wa miaka minne mpaka sita, uwafundishe muziki, kinanda hamna, nota (zile alama za muziki za kwenye karatasi) husomi na hujui pa kuanzia. Ngoja nikujibu kwa urefu kidogo maana hii ndo kazi yangu hapa Dar na naipenda mno. Kinanda weka pembeni kabisa kwa sasa, anza na miguu yao.

Yani siku ya kwanza usiwaimbishe hata wimbo mmoja. Wavue viatu, mtoke nje chini ya mti, chukua ndoo ya plastiki na kijiti, piga mapigo ya kutembea, wao watembee kokote wanakotaka bila kugongana, ukinyamaza wanaganda hapohapo. Hapo utawajua wote. Wapo watakaoenda sawa na ndoo tangu mwanzo, wapo watakaokimbia tu, na kuna mmoja atasimama anatazama miguu ya wenzake halafu anaiga akiwa nyuma kidogo, huyo usimshike mkono kumlazimisha, muache, anajifunza kwa macho na ipo siku ataingia mwenyewe. Kingine, mwendo wa mtoto ni wa haraka kuliko wako, mguu mfupi hatua fupi, sasa ukipiga polepole kwa mwendo wako wewe mtu mzima anayumba anakosa pa kukanyaga, halafu mtu anasema huyu mtoto muziki haumo. Umo sana! Mwambie mmoja atembee tu kama anaenda kwao, wewe ndo umfuate kwa ndoo. Wakishashika hilo, ndo unaongeza mwendo na kupunguza.

Na hii haijatoka kichwani kwangu. Émile Jaques-Dalcroze alikuwa anafundisha chuo cha muziki pale Geneva, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1800, akakuta wanafunzi wakubwa wanasoma nota vizuri tu ila mwendo wa muziki hawauhisi mwilini, akaanza kuwatembeza. Kama hao wakubwa walirudishwa kwenye miguu, wa miaka minne utamuanzishia ubaoni kweli?

Tukija kwenye kuimba, ndo penye tatizo kubwa la shule zetu. "Imbeni kwa nguvuuu!" Watoto wanapiga kelele mishipa ya shingo imesimama, wazazi kwenye mahafali wanashangilia, lakini pale hakuna anayemsikia mwenzake na anayepiga kelele hawezi kufuata tuni. Naumia sana nikiona hivyo. Mtoto anatakiwa ajue ana sauti ya kuongea, ya kunong'ona, ya kuita na ya kuimba, na ya kuimba ni nyepesi. Njia yangu ni wauza maandazi. Kila mtoto wa mtaani kwetu anajua wanavyoita asubuhi, ile sauti inayoanza juu inashuka kidogo mwishoni, basi mpe mmoja sinia tupu kichwani apite anaita, wenzake wanamjibu kwa tuni ileile. Anayesemwa hajui kuimba, hapo anaimba bila kujijua! Halafu ukiita majina asubuhi ita kwa tuni hiyohiyo, "Nee-maaa", naye ajibu "ni-pooo". Dakika chache tu na umemsikia kila mtoto peke yake.

Usianzie chini sana, sauti zetu watu wazima ni nzito na mtoto huko chini hafiki, anaishia kuongea badala ya kuimba. Kama we ni mwanaume ndo zaidi, watoto wengine hawaelewi wakufuate wapi, kwa hiyo tafuta mtoto mwenye sauti nzuri aanzishe yeye.

Hiyo hatua ya juu kushuka kidogo kwa watu wa kwaya mara nyingi ni so na mi, yani majina ya sauti mbili kwenye ile ngazi ya do re mi fa so la ti. Kama umewahi kuimba kwaya ya kanisani kwa do re mi basi tayari una mtaji, nota zenyewe hata usipozijua. Zipo na ishara za mkono, do ni ngumi usawa wa tumbo, mi kiganja kimelala kinatazama chini usawa wa kifua, so kiganja kinakutazama wewe dole gumba juu, mkono unapanda kadiri sauti inavyopanda. Alizieneza Mwingereza John Curwen karne ya 19, baadaye Zoltán Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, akazichukua kwa ajili ya mashule. Mtoto anauona wimbo unapanda na kushuka. Ila anza na so na mi tu, usirundike.

Kodály huyohuyo alishikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za kwao, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiwawashie spika wakaigiza nyimbo za kizungu wasizoelewa hata neno. Tuna nyama nyama, ambapo usipokuwa makini unaruka kwenye nyama ya paka, lile ni zoezi kamili la kusikiliza na kujibu kwa mapigo. Tuna michezo ya duara ya kushikana mikono mnazunguka mnashuka chini, na kila kabila lina zake, muulize bibi wa mtoto yeyote. Nyimbo nyingi za ngoma zetu zinaenda tatu tatu, na hao wa miaka sita ukiwapa mguu unaenda mbili makofi tatu kuna watakaoshika haraka kuliko wewe, maana wamezisikia harusini tangu wakiwa mgongoni.

Wakiwa wengi sana gawa, nusu waimbe wamekaa, nusu watembee, kisha mbadilishane. Chupa za maji zenye mchele kidogo ndani zinatosha kuwa kayamba, ila zitoke mwishoni kabisa maana zikishatoka hakuna atakayekusikiliza tena siku hiyo. Na kipindi kisizidi nusu saa.

Anza wiki hii na ndoo pamoja na kuita majina, hayo mawili tu. Ukikwama urudi hapahapa useme darasa lina wangapi na nafasi ikoje, ntakupangia michezo ya wiki inayofuata.