Mtambo mzee wa makaa ya mawe, kwa nini bado unawashwa?

SWALI: Mhandisi, kila mara tunaambiwa mtambo wa makaa ya mawe wenye zaidi ya miaka 40 utafungwa, kisha unaongezewa muda. Umeme wa jua si upo?

JIBU: Ndugu msomaji, nimefanya kazi miaka mingi kwenye boila, yaani chombo ambamo moto wa makaa hugeuza maji kuwa mvuke, na swali lako limenigusa. Jua huzama jioni, saa ileile watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa. Rundo la makaa uwanjani halingoji jua. Tena kuna jambo lisilotajwa sana: uzito wa turbaini, mashine inayozungushwa na mvuke huo. Kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme, ya hezi 50 (mapigo 50 ya umeme kwa sekunde), rota yake, ile sehemu inayozunguka, huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Mtambo mwingine ukizimika ghafla, mzunguko huo huzuia gridi isiporomoke kwa zile sekunde chache za mwanzo.

Lakini uzee ni uzee. Majivu hukwangua mabomba ya boila mpaka yakawa membamba. Nimeingia ndani ya tanuri lililopoa, nikaona bomba moja lililopasuka. Kwa ufa huo tu, umeme wote wa boila ile ulikuwa umekatika. Kuiwasha tena ikiwa baridi huchukua saa nyingi. Na takriban theluthi mbili ya joto la makaa hupotea bure, moshi ukibaki kwa majirani.

Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Kabla ya hapo ilikuwa imejenga mitambo ya gesi na ya upepo, na nyaya za umeme za kuiunganisha na nchi jirani kupitia chini ya bahari. Mimi naunga mkono kufunga, kwa mpangilio huohuo.