Nyumba ya zamani: malizana na maji kwanza, rangi ije baadaye

Mkuu, umeuliza uanze na rangi, bustani au pevingi (vitofali vya kutandika uwanjani), maana nyumba ni ya zamani, mbele pamechakaa na mfuko hauwezi vyote kwa mpigo. Mimi nakuambia anza na maji. Nyumba ninayoishi ilijengwa kabla sijazaliwa, nimeikarabati upande wa mbele kidogo kidogo, na karibu kila ubovu niliokuta ukutani ulikuwa umeletwa na maji.

Ngoja mvua kubwa, chukua mwavuli, zunguka nyumba. Angalia gata zinamwaga wapi, maji yanatuama wapi, na matope yanarukia ukuta mpaka kimo gani. Kwangu, kona moja ya baraza ilikuwa ikibanduka rangi kila ikipakwa. Ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe: hiyo ni chumvi inayotoka ndani ya ukuta unyevu unapokauka. Nikagonga kwa mpini wa bisibisi. Juu palitoa mlio mzito, chini pakalia kama debe tupu, maana yake lipu imeshaachana na tofali. Chanzo kilikuwa kitalu cha maua kilichoegemezwa ukutani, kimeongezwa udongo miaka na miaka hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Nilipouchimbua, ukatokea msingi wa mawe yaliyochongwa vizuri mno, yamefukiwa bure. Hakuna rangi ambayo ingedumu pale.

Kwa hiyo shusha udongo ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu, kisha hakikisha ardhi inateremka kutoka ukutani, kama sentimita 15 kwa mita 3 za mwanzo. Vigingi viwili, kamba na pima maji vinatosha kukagua. Pevingi nayo ifuate mteremko huo huo. Ndiyo maana siyo ya kuanza nayo: ikielekea ukutani utaing'oa yote.

Baada ya hapo uache ukuta ukauke, na hapa wengi hawana subira. Chumvi iondoe kwa brashi kavu, kwa sababu ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani. Lipu mpya ya saruji ipe wiki 4 kabla ya rangi. Na kama ukuta ulijengwa kwa chokaa, kiraka kiwe cha chokaa pia. Mafundi wengi watakwambia saruji ndiyo imara, lakini juu ya ukuta wa chokaa saruji inaziba unyevu ndani, na baada ya muda inabanduka na kipande cha ukuta. Hata rangi yenyewe chagua inayoruhusu ukuta kupumua.

Nyufa ambazo ukucha hauingii, ziba uendelee. Ufa mpana, hasa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, uwekee alama ya penseli kwenye ncha zake pamoja na tarehe. Ukivuka alama, tafuta mhandisi kabla ya fundi rangi.

Sasa hili naomba ulizingatie sana kama una watoto. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi ya hapo. Vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Usipige msasa mkavu wala usiunguze rangi kwa moto. Pima kwanza, kama huwezi, ichukulie kwamba risasi imo: lowesha unapokwangua, tandika turubai chini, vaa barakoa ya vumbi laini, na mabaki yasiingie kwenye udongo wa bustani.

Kazi iende kutoka juu kuja chini: gata, fisha bodi (mbao za ukingo wa paa), ukuta, grili (kwangua kutu hadi chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo), sakafu ya baraza mwisho. Rangi ijaribu kwenye eneo kubwa, uitazame asubuhi, mchana na jioni, na usipake ukuta unaopigwa na jua kali.

Mlango wa mbao ngumu usiubadilishe, tafadhali. Wa kwangu ulikuwa na tabaka za rangi nyingi, na chini yake mbao nzima isiyo na doa. Ulihitaji mafuta na bawaba mpya tu.

Bustani iwe ya mwisho. Kabla ya kupanda, uliza mmea utakuwa mpana kiasi gani ukikomaa, kisha acha nafasi hiyo na ziada ya kupitisha mtu kati yake na ukuta. Mti mkubwa uliopo karibu na nyumba usiukate haraka. Kwenye udongo wa mfinyanzi mti hunyonya maji mengi. Ukiuondoa, udongo unaweza kuvimba na kuinua msingi. Mwite anayejua miti aukague, huenda kupunguza matawi kukatosha.