Betri za sodiamu na kitufe cha "Nakubali"

Ndugu yangu, umeuliza kama betri za sodiamu zitatuondolea balaa la simu zinazovimba mgongo, na kama yupo anayesoma masharti kabla ya kubonyeza "Nakubali". Swali la pili ni jepesi: mimi sisomi, na juzi nikiwa gatini hapa Lamu nikisubiri mashua ya Shela, nilikubali kurasa zisizo na mwisho kwa kidole kilichojaa mafuta ya mahamri. Hata hivyo, uvivu wetu hauzipi kampuni ruhusa ya kuficha mambo. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla, jambo ambalo wenye simu hawakuelezwa waziwazi. Kuhusu sodiamu, ambayo imo tele katika chumvi, CATL, kampuni ya China inayotengeneza betri, ilitangaza kizazi cha kwanza cha betri zake mwaka 2021, zenye uwezo wa kuhifadhi umeme wa wati-saa 160 kwa kila kilo ya betri, kiasi kilicho chini ya betri za lithiamu za simu. Kwa hiyo naziona zikifaa zaidi kuhifadhi umeme wa jua nyumbani, ambako uzito haumsumbui mtu, kuliko kutiwa mfukoni.