Ukipata pancha njiani, usikimbilie gundi

Kuziba pancha ya baiskeli si kazi kubwa. Nenda Kisesa au Igoma, huku Mwanza, utakuta vijana wadogo wanaziba huku wanapiga soga na wala hawaangalii mikono yao. Kinachoharibu safari ndefu ni pancha ya pili, ile inayokuja kilomita mbili mbele, kwenye tairi lilelile. Mara nyingi hiyo haikutoka barabarani. Ilikuwemo ndani ya tairi wakati unajaza upepo.

Kwa hiyo mimi gurudumu likilegea, gundi huwa ya mwisho kuguswa. Kabla ya kutoa tyubu napiga alama ya chaki kwenye tairi pale vali ilipo, na nakariri tyubu ilikaa upande upi. Kisha naijaza upepo na kutafuta tundu kwa sikio, au naipitisha karibu na midomo, maana midomo inahisi upepo kuliko vidole. Maji ni pale vyote viwili vikishindwa. Tundu likipatikana, nairudisha tyubu juu ya tairi, vali ikielekea alama, na hapo najua ni wapi pa kuchunguza. Ndani ya tairi napapasa kwa kitambaa cha pamba. Kikinasa, kuna kitu.

Njia ya Magu mpaka Lamadi, kitu hicho aghalabu ni waya. Matairi ya malori yana nyuzi za chuma ndani yake, na barabara hii ndiyo iendayo Sirari, mpakani na Kenya, malori hayakauki. Likipasuka tairi, mabaki husagika pembeni, palepale tunaposukumiwa sisi wa baiskeli na mabasi yenye haraka zake. Waya wenyewe ni mwembamba kama unywele. Kwa nje huuoni. Pindua tairi ndani-nje ndipo utauona unachungulia. Kucha hazitautoa, beba koleo dogo.

Mbigili angalau haina hila, unaiona. Ila haiji peke yake. Ukichepukia njia ya vumbi wakati wa kiangazi ukaegesha baiskeli kwenye majani makavu, utatoka na kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo ukichomoa moja zungusha gurudumu lote. Mimi kwenye majani huwa naibeba begani. Watu wanacheka, sawa.

Tundu nalo lina habari zake. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake tyubu ilibanwa na rimu ulipoingia shimoni: upepo ulikuwa mdogo, hakuna mwiba wa kutafuta. Tundu la upande wa ndani, unaotazama spoki, ni ncha ya spoki. Kata ukanda wa tyubu kuukuu uuzungushie rimu. Kama imechanika kwenye shina la vali, usipoteze muda, weka tyubu nyingine.

Sasa gundi. Sugua kwa msasa eneo pana kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, halafu subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanabandika ikiwa mbichi. Iache kama dakika tano, mpaka ukigusa pembeni haishiki kidole. Kiraka cha kukata mwenyewe kiwe cha mviringo, kwa sababu kona ndizo zinazoanza kubanduka. Wakati wa kurudisha tairi achana na bisibisi, itakutobolea tyubu upya. Tumia vidole gumba, anzia upande ulio mbali na vali umalizie kwenye vali.

Mwenye baiskeli ya Phoenix ana nafuu moja: kwa gurudumu la nyuma, huna haja ya kugusa mnyororo wala vyuma vya breki. Pindua baiskeli, toa ukingo mmoja wa tairi, vuta kipande cha tyubu chenye tundu na uzibe gurudumu likiwa mahali pake. Mafundi wa chini ya miembe hawafanyi vingine.

Tyubu ya akiba iwe ya saizi yako. Ya inchi 26 kwenye gurudumu la 28 ni kujitafutia kazi. Na pampu ijaribu nyumbani. Baiskeli nyingi za mtumba za mashindano zina vali nyembamba ambayo pampu ya fundi wa kijijini haiingii, lakini kuna kishaba kidogo cha kuunganishia, kifunge kabisa kwenye spoki kisipotee. Phoenix nazo zina kimpira ndani ya vali ambacho kikizeeka kinavujisha upepo, na wewe unabomoa tairi zima kutafuta tundu ambalo halipo. Tia mate juu ya vali kwanza. Yakitoa povu, badilisha kimpira, jaza upepo, endelea na safari.