Barua inataja sanamu: je, ndiyo hii tuliyo nayo?

SWALI: Marehemu baba alikuwa katibu wa mheshimiwa mmoja wa miaka ya sitini. Ametuachia sanamu ya mheshimiwa huyo, kichwa na mabega, iliyopakwa rangi ya shaba, pamoja na sanduku la barua. Barua ya 1964 inasema mzee amechoka kukaa mbele ya fundi. Nyingine, iliyoandikwa Mombasa Machi 1966, inasema: "Sanamu ya mzee imetufikia salama, ila puani imepata ufa." Je, barua hizi zinatosha kuthibitisha kwamba sanamu inayotajwa ndiyo hii yetu? Na tuziorodheshe vipi? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Ndugu yangu, bado hazitoshi. Ila una mwanzo mzuri kuliko wengi wanaonijia na sanamu tupu na hadithi ya familia.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa mwandishi wa pwani wa wakati ule, sanamu si lazima iwe kitu cha kuchongwa; wazee wengi waliita sanamu hata picha ya ukutani. Kwa hiyo mimi huangalia kwanza kitenzi kilichoandamana nayo: ilichorwa, ilichongwa, ilifinyangwa, au ilisubiwa, yaani ilimiminwa kwa madini yaliyoyeyushwa? Barua yako haina kitenzi hicho, lakini ina pua. Karatasi huchanika, haipati ufa. Rangi ya mafuta kwenye turubai hupata nyufa, kweli, ila hizo hutambaa usoni kote kama tope la bwawa lililokauka, hazichagui pua. Kinachotangulia kugonga ubao wa sanduku safarini ni kile kilichochomoza. Nakubali basi kwamba barua inazungumzia kitu cha plasta au udongo.

Barua ya 1964 nayo ni ya thamani kwa sababu inaonyesha kwamba mzee alikaa. Si kila kiongozi mwenye sanamu alikaa mbele ya msanii. Ukitoka Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, unakutana na sanamu ya mwanasiasa Tom Mboya amesimama. Sanamu ile ilizinduliwa 2011, naye aliuawa Julai 1969, hatua chache kutoka hapo. Hata ukipekua barua zake zote hutaikuta. Sanamu ya Rais Kenyatta pale KICC, jumba la mikutano la Nairobi, ni habari nyingine: James Butler alimaliza kazi ile 1973, mzee akiwa hai na madarakani, kwa hiyo mtafiti ana haki ya kutafuta barua.

Miaka miwili kati ya barua zako isikusumbue. Mfano ninaoupenda ni wa George Washington, ambaye barua zake nyingi ziko Maktaba ya Kongresi ya Marekani. Mwaka 1772, alipokuwa akichorwa na Charles Willson Peale, alimwandikia rafiki kwamba amenuna na mara nyingine usingizi unamchukua wakati mchoraji yuko penye mistari muhimu. Kufikia Mei 1785 alikuwa amezoea: alijilinganisha na mnyama wa mkokoteni anayejipeleka mwenyewe kufungwa. Oktoba mwaka huohuo mchongaji Jean-Antoine Houdon alifika nyumbani kwake Mount Vernon kutoka Ufaransa. Agosti 1786 Washington alimwandikia Thomas Jefferson, balozi wa Marekani aliyekuwa Paris, kuhusu mavazi ya sanamu: kwa upole wake alipendelea nguo za zama zake kuliko mashuka ya Warumi. Sanamu ya marumaru ikasimamishwa Richmond mwaka 1796. Kukaa 1785, kusimamishwa 1796! Anayechukua tarehe ya barua akaibandika kwenye sanamu amepotea.

Sikiliza na hili. Kikao kile kimoja kilizaa kichwa cha udongo kilichobaki Mount Vernon, kinyago cha plasta cha uso, na sanamu nzima ya marumaru. Isitoshe, kabla ya safari ya Houdon, gavana wa Virginia alikuwa ameagiza picha kwa Peale ipelekwe Paris iwe mfano wa kuchongea. Barua za shughuli moja, vitu vinne.

Sasa rudi kwako, maana hapa ndipo penye utata ambao hukuutaja. Sanamu ya barua ilifika Mombasa. Yako iko Buruburu, Nairobi. Ama ilirudishwa, ama zilikuwa mbili kutoka kalibu moja, yaani chombo kimoja cha kumiminia plasta.

Usiku zima taa, washa tochi ya simu, uilaze karibu na shavu ili mwanga upite juu ya pua kwa ubavu. Kiraka hujitokeza: sehemu laini kuliko jirani yake, au mstari mwembamba rangi ilipozama. Kisha pitisha mwanga nyuma ya masikio na juu ya mabega kutafuta mishono ya kalibu, vituta vyembamba vilivyonyooka. Mishono peke yake inaonyesha tu kwamba kitu kilimiminwa. Mishono pamoja na pua nzima isiyo na kiraka inanielekeza kwenye nakala ya pili. Usiifute kwa kitambaa chenye maji. Plasta hunywa maji na rangi ile itabambuka. Brashi laini kavu inatosha.

Kuorodhesha ni rahisi. Usivuruge mpangilio wa barua ulivyozikuta. Barua iliyobanwa na risiti ya reli ina maana kuliko ikiwa peke yake. Ipe kila barua namba kwa penseli, nyuma, pembeni. Kwenye daftari andika tarehe, mwandishi, mpokeaji, halafu maneno yenyewe kama yalivyo, makosa na yote. Maoni yako yakae safu tofauti. Usiandike "sanamu yetu" kwenye safu ya maneno ya barua. Sanamu ipate namba yake kwenye kadi iliyofungwa kwa uzi wa pamba, si kwa kalamu mgongoni. Na tafadhali, msizipeleke barua kupigwa lamineshi. Niliwahi kuletewa faili nzima iliyofanyiwa hivyo kwa nia njema kabisa, na sikuwa na la kufanya.

Kumbuka pia kwamba sanduku la baba lina hasa barua alizopokea. Majibu yake yalikwenda Mombasa. Tafuta nakala za kaboni, zile karatasi nyepesi zinazoonyesha mkono upande wa pili, za Aprili na Mei 1966. Aliyearifiwa kuhusu ufa lazima alijibu kitu: irudisheni, au tafuteni fundi hukohuko.

Ukishamulika pua, ilaze sanamu juu ya blanketi, mkiwa wawili, unipigie picha ya tumbo lake kwa ndani. Nataka kuona kama kuna nyuzi za katani au gunia kwenye plasta, na kama kuna chochote kimeandikwa kwa penseli.