Mume wangu hajui kiinua mgongo changu kilikuwa kiasi gani

"Shikamoo mama. Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, naishi Iringa. Nilikuwa karani wa takwimu kwenye mradi wa Ukimwi uliokuwa unafadhiliwa na Wamarekani, mshahara laki tisa. Misaada iliposimamishwa Januari 2025 tulianza kupunguzwa mmoja mmoja, na Septemba mkataba wangu nao ukavunjwa. Nililipwa milioni 13. Mume wangu ni fundi seremala. Nilimwambia nimepewa milioni 4. Sikuwa na nia mbaya: miaka mitatu iliyopita alimkopesha mdogo wake milioni 2 tulizokuwa tumeweka za kujengea, mpaka leo hazijarudi. Kwa hesabu yake hela yangu imeshaisha, lakini ukweli ni kwamba benki kuna milioni 9 na laki mbili. Ada ya binti yetu wa bweni ilipofika Januari ikabidi nikope laki tano kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, maana ningesema nimetoa wapi? Nimeshalipa riba laki moja kwa miezi minne na deni liko palepale. Matumizi yetu ni kama laki sita na nusu kwa mwezi ukiweka kodi na ada, na mume wangu mwezi mbaya analeta laki na nusu. Shemeji huyohuyo sasa yuko kwenye kundi la WhatsApp, unaweka laki tano unalipwa elfu sabini na tano kila wiki, na kweli ameshalipwa mara tatu. Ananiambia hata nikope niingie. Mama yangu anasema kiwanja. Rafiki yangu anasema dola, kwa sababu hali haieleweki. Mume wangu anasema tungekuwa na milioni 3 angenunua pikipiki ya mkataba. Silali. Niiweke wapi hela hii izae kabla haijaisha?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kupoteza kazi uliyoifanya vizuri kwa sababu ya uamuzi uliotolewa Washington ni jambo linalouma, na wako wengi kama wewe, kuanzia manesi na madereva mpaka wahudumu waliokuwa wakizunguka vijijini kufuatilia wagonjwa. Hukufukuzwa kwa uzembe. Naanza hapo kwa sababu barua yako yote imeandikwa kama ya mtu mwenye hatia.

Sasa tuje kwenye hela, na nitaanza na lile ulilolipitia haraka. Una milioni 9 benki, na kila mwezi unatoa laki moja kulipia riba ya deni la laki tano. Hiyo ni asilimia 20 kwa mwezi. Laki nne zimeshatoka mkononi mwako na hazijapunguza deni hata shilingi. Unaniuliza uwekeze wapi. Mwanangu, hakuna mahali halali hapa Tanzania patakapokulipa asilimia 20 kwa mwezi, kwa hiyo hakuna uwekezaji utakaokufaa kuliko kulilipa deni hilo lote kwa mkupuo mmoja. Lilipe wiki hii. Wakopeshaji waandike kwamba limekwisha, wagonge muhuri, na kama kuna karatasi uliyoorodhesha friji na televisheni kuwa dhamana, au walibaki na kadi yako ya benki, usitoke pale bila hivyo vitu mkononi.

Najua utakachojiuliza hapo: mume akiuliza hela ya kulipia imetoka wapi? Ndipo tunapofika penyewe. Laki nne ulizolipa hazikuwa riba ya ada, zilikuwa gharama ya kutunza siri. Na siri hii itaendelea kudai. Muhula ujao ada itakuja tena, mtoto ataumwa (bima yako ya afya nadhani ilikwenda pamoja na ajira), na kila mara utakwenda kukopa ilhali hela unayo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe unataka hela izae ikiwa imefichwa.

Sikulaumu kwa kuogopa. Mtu aliyeona milioni 2 za ujenzi zikienda kwa shemeji ana haki ya kushtuka. Lakini mume wako kujua kiasi kilichopo ni jambo moja, na yeye kuwa na uwezo wa kukitoa bila wewe ni jambo lingine. Mwambie kiasi chote, hadi laki ya mwisho, na akaunti ibaki kwa jina lako. Msubiri jioni watoto wakiwa wamelala, usimwambie mbele ya mama yako wala mbele ya mdogo wake. Anza na ukweli mtupu: "Nililipwa 13, nikakwambia 4. Nilifanya hivyo kwa sababu niliogopa yatokee yale ya mdogo wako." Kisha nyamaza, umwache aseme. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu miezi yote hii amekuwa akihangaika akijua nyumba haina kitu. Omba radhi kwa hilo, lakini usiombe radhi kwa kutaka makubaliano. Na makubaliano yenyewe yawe haya: hela hii haikopeshwi ndugu yeyote, wa upande wake wala wa kwako, na chochote kinachozidi laki mbili kinatoka baada ya nyote wawili kukubaliana.

Mkishavuka hapo, kaeni na daftari. Nyumba inakula 650,000, mumeo mwezi mbaya analeta 150,000, pengo ni 500,000. Milioni 9.2 ukitoa deni la laki tano inabaki 8.7. Maana yake ni kwamba mnaweza kuishi miezi kumi na saba bila wewe kupata kazi na bila yeye kupata mwezi hata mmoja mzuri. Isome tena sentensi hiyo kabla ya kulala leo. Huko ukingoni unakodhani uko, hauko.

Lakini ndiyo maana sikubaliani na swali lako lenyewe. Watu wote wanaokushauri, mama, rafiki, shemeji, wanaiona hela hii kama mtaji. Bado si mtaji. Sehemu kubwa ni mishahara yako ya mwaka unaokuja, imelipwa mapema. Mshahara wa mwezi wa nane huwezi kuufungia kwenye kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiuzwi robo ili ulipe ada. Utauza chote, kwa haraka, kwa bei ya mwenye shida. Mama yako hajakosea kuhusu ardhi, amekosea kuhusu wakati.

Kwa hiyo tenga milioni 6, pengo la miezi kumi na mbili. Milioni moja ibaki benki ya kawaida, ila kutoka humo toa laki moja au mbili uziweke taslimu nyumbani pamoja na gunia la mahindi; mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima, waliokuwa na hela yote ndani ya simu walipata taabu ya unga. Milioni 5 zinazobaki ningeziweka kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS. Hii ni taasisi ya serikali, inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mfuko huo unaweka hela kwenye amana za benki na dhamana za muda mfupi. Unaanza na laki moja, unaongeza kuanzia elfu kumi, hukatwi kitu unapoingia wala unapotoka, na ukitaka hela yako unaipata ndani ya siku tatu za kazi. Miaka ya karibuni faida yake imekuwa ikizunguka asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo si ahadi, inaweza kushuka, na mfuko si akaunti ya benki yenye bima ya amana. Haitakutajirisha. Itakusaidia hela ya mwezi wa kumi isikae bure wakati unasubiri kuitumia, na kila mwezi utatoa laki tano zako kama vile unapokea mshahara.

Na kwa kuwa nimetaja bima ya amana: benki ikifa, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi shilingi milioni 7.5. Mwaka 2018 benki tano ndogo zilifungwa kwa siku moja hapa nchini, kwa hiyo si jambo la kufikirika tu. Wewe una zaidi ya kiwango hicho sehemu moja. Ukizigawa kama nilivyosema, tatizo hilo linakwisha lenyewe.

Dola sitaizungumzia sana. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,700, watu wakakimbilia kununua, na kabla mwaka haujaisha ikawa imerudi kwenye 2,400 na kitu. Kodi yako, unga wako na ada ya binti yako vyote ni shilingi. Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, ni nzuri, unaweza kuanza na milioni moja na riba inaingia kila miezi sita, lakini ni za miaka mingi. Zisubiri siku utakapokuwa na kazi.

Kundi la shemeji, hapana. Nalisema bila kupepesa macho. Elfu sabini na tano kwa wiki juu ya laki tano ni asilimia 15 kila wiki. Kwa wiki saba hela yako yote imerudi na bado wanaendelea kukulipa. Waulize wanauza nini hata kipatikane kiasi hicho. Watakwambia biashara ya mtandaoni, matangazo, sarafu za kidijitali, kisha watakwambia ukileta watu unapata zaidi. Hapo ndipo faida ilipo: malipo ya shemeji mara tatu yametoka kwa walioingia baada yake. Kulipwa kwake si ushahidi kwamba ni kweli, ni chambo, ili aje akushawishi wewe. Wenye umri wangu tunaikumbuka DECI, upatu wa namna hiyohiyo. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na "kuvuna", walipanda mpaka viinua mgongo, na serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 foleni za kudai zikawa ndefu kuliko za kupanda. Na usitishwe na cheti cha BRELA, wakala wa kusajili biashara, wanachokituma kwenye kundi. Cheti hicho kinaonyesha kwamba jina la biashara limeandikishwa, basi. Namba ya mlipa kodi nayo ni hivyohivyo. Ruhusa ya kukusanya hela za watu kwa ahadi ya faida hutoka Benki Kuu au kwa hiyo mamlaka ya masoko ya mitaji, na unaweza kuwauliza wenyewe. Usigombane na shemeji. Mwambie tu kwamba wewe na kaka yake mmeshapanga matumizi, na muombe atoe alichoweka wakati bado wanalipa.

Imebaki milioni 2.7. Hii ndiyo naweza kuiita mtaji, na hapa namsikiliza mumeo kwa makini, kwa sababu yeye peke yake kati ya wanaokushauri ndiye aliyefikiria kitu cha kuingiza hela kila siku. Pikipiki ya mkataba, ile unayomkabidhi dereva naye anakuletea hela mliyopatana, inalipa ikipata dereva mwaminifu, bima kubwa na mkataba ulioandikwa mbele ya mashahidi. Ikiibiwa mwezi wa pili bila bima, hela yote imekwenda, na hakuna kati yenu anayeijua biashara hiyo. Useremala anaujua. Muulize swali hili: mbao zako unarandia wapi? Mafundi wengi wasio na mashine hununua mbao za Sao Hill kutoka Mafinga, wanazibeba hadi karakana ya mtu, wanapanga foleni, wanalipa kwa kila ubao, na mteja anakasirika kwa kuchelewa. Kama naye yuko hivyo, hesabuni kwa mwezi mmoja analipa kiasi gani kurandisha, pamoja na kubebesha na kazi anazokosa. Kama mashine ya kuranda, hata iliyotumika, inaingia ndani ya milioni 2.7 na kuna umeme wa kuiendesha, hiyo ningeinunua mbele ya pikipiki. Mafundi wenzake watamletea mbao wamlipe yeye. Na wewe uliyeshika takwimu za mradi mzima huwezi kushindwa kushika daftari la karakana: nani kaleta mbao ngapi, nani kalipa, nani anadaiwa. Msinunue kabla ya kuhesabu huo mwezi mmoja.

Jambo la mwisho hukulitaja kabisa, na limenisumbua tangu nisome barua yako. Ulikuwa unakatwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akapoteza kazi bila kuacha mwenyewe, na hajafika miaka 55, ana fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mshahara wa laki tisa ni karibu laki tatu kwa mwezi, kama milioni 1.8 zote pamoja. Hiyo ni michango yako, si msaada. Jumatatu chukua barua ya kuvunjwa mkataba, kitambulisho cha taifa, namba yako ya uanachama na namba ya akaunti, uende ofisi yao ya Iringa asubuhi. Wakikwambia kuna karatasi inayotakiwa kutoka kwa mwajiri, mpigie ofisa utumishi wa mradi siku hiyohiyo, kwa sababu ofisi za miradi iliyokufa hufungwa, na watu wa kusaini hutawanyika.