Mliopangiwa wagonjwa wa matende, tazameni vidole kwanza

Haya nyie wapya mnaokuja vituo vya afya vya huku Pemba, matende, ule uvimbe wa mguu unaotokana na minyoo inayoletwa na mbu, mtakutana nayo tu, msidhani kwa vile dawa zishagawiwa basi yamekwisha. Kugawiwa zimegawiwa kweli, tangu 2001 watu wamemezeshwa ivermektini na albendazoli visiwa vyote viwili, Unguja na Pemba, na kabla ya hapo kule Makunduchi, Unguja, walimwaga vile vipira vidogo vya povu kwenye vyoo vya shimo ili mbu wasizaliane, lakini dawa ile inaua vijiminyoo vya kwenye damu, mguu hairudishi. Mishipa ya limfu ikishaharibika ndo imeharibika, maji ya mwili yanayotakiwa kupanda juu yanabaki chini. Kwa hiyo bi mkubwa akikwambia "mwanangu nimemeza vidonge kila mwaka na mguu uko pale pale" hakudanganyi, usimtazame kama alikuwa anavitema.

Hakikisha kwanza ni limfu. Finya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu pale kinapoanzia, ikigoma kunyanyuka ndo hiyo. Miguu yote miwili ikivimba ghafla na mtu anahema, huyo moyo wake na figo zitazamwe haraka. Na mama aliyepasuliwa kansa ya titi akatolewa tezi za kwapani, mkono ukavimba, ugonjwa ni wa limfu vilevile ila mbu hayumo. Vidonge vya kukojoza msiwape kwa ajili ya uvimbe huu, havisaidii.

Sasa vidole. Mimi mwaka wangu wa kwanza nikiona watu wetu wanatawadha mara tano kwa siku nikasema usafi hapa hauna shida, nikarukia bandeji. Kumbe mguu ukishanenepa vidole vinabanana, maji ya udhu yanaingia baina yake hayatoki, mtu anatia kandambili anaondoka zake. Fangasi anafanya nyumba palepale, ngozi inachanika, bakteria wanapita, baada ya siku mbili tatu mtoki, homa na baridi ya kutetemeka, mguu mwekundu wa moto. Na kila homa ikiondoka inauacha mguu mkubwa kuliko ilivyoukuta, hiyo ndo inayokuza matende miaka nenda rudi. Mwenzetu mmoja alimwambia mzee basi awe anatayamamu, yaani atumie vumbi badala ya maji, mzee hakuonekana tena kituoni, na mimi simlaumu. Atawadhe, ila akimaliza apitishe kipande cha kanga kuukuu baina ya kila kidole na kila mkunjo, akaushe kwa kugandamiza, asisugue. Mara moja au mbili kwa siku aoshe mguu mzima kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, halafu dawa ya fangasi palipochanika. Mfanyie mbele yake na beseni lake, kumwambia kwa mdomo tu anaitikia hewala na hafanyi.

Msimu wa karafuu mama zetu wanakaa mkekani usiku wanachambua, miguu imenyooshwa, hapo usimkataze kazi, mwambie atie mto chini ya mguu na awe anazungusha kifundo. Bandeji inaanzia vidoleni inapanda, mimi niliwahi kuanzia chini ya goti nikishuka, asubuhi unyayo umefura kama mkate wa mofa, nikaona haya mpaka leo. Na siku ya homa hakuna bandeji wala mazoezi: kitambaa cha maji baridi, panado, anywe maji, antibayotiki, alale mguu ukiwa juu. Akianza kutapika au kuweweseka mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Wengi watakuja na chale, wameambiwa wamekanyaga kitu cha uchawi njia panda. Msiwagombeze, mwambieni tu kila chale ni mlango kama ule wa baina ya vidole.

Pimeni kwa futi ya fundi cherahani, mahali palepale kila mwezi. Mguu wa zamani sana haurudi kuwa wa ujana, mwambieni mapema asije akasubiri muujiza akakata tamaa. Akija tena muulizeni homa ngapi tangu mlipoonana, andikeni hiyo kwanza, sentimita baadae.